Pesa za Wazee (Taita Taveta)

Pesa za wazee ni malipo ya Sh2,000 kwa mwezi ambayo Serikali ya Kenya huwapa wazee wasio na pensheni, chini ya mpango wa Inua Jamii. Katika Kaunti ya Taita Taveta ndizo fedha pekee za uzeeni ambazo wakulima na vibarua wengi wa vijijini hupata kutoka kwa serikali.

Usuli

Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), iliyoanzishwa 1965, ilijengwa juu ya mishahara ya walioajiriwa. Hivyo katika mji wa Voi wapo wastaafu wa reli, walimu na watumishi wa serikali wenye pensheni, ilhali aliyelima vishamba vya milima ya Taita, Sagalla au Kasigau, au aliyekata mkonge kwa kibarua, huingia uzeeni mikono mitupu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti, na mashamba ya mkonge na ranchi yamechukua sehemu kubwa ya ardhi tambarare. Kipande kinachobaki hutegemea mvua haba, na ndovu wanaweza kukimaliza kwa usiku mmoja.

Historia

Mpango ulianza kwa majaribio 2006 katika wilaya za Thika, Nyando na Busia, kwa kaya 300 zilizolipwa Sh1,065 kwa mwezi. Kiwango kilipanda hadi Sh1,500, kisha Sh2,000, na malipo yakafika majimbo yote ya uchaguzi. Katiba ya 2010, vifungu vya 43 na 57, iliupa mpango msingi wa haki: hifadhi ya jamii kwa kila mtu, na matunzo kwa wazee kutoka kwa jamaa na serikali. Mwanzoni walichaguliwa wazee maskini wa miaka 65 na zaidi. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni nyingine, na walengwa wakapita 800,000 nchini.

Athari kwa umaskini

Faida kubwa ni ya chakula. Kwa miaka mingi malipo yalitolewa kwa miezi miwili pamoja, Sh4,000, na sehemu kubwa huishia kwenye unga, sukari, sabuni na dawa za presha. Mzee anayejulikana kuwa na malipo hukopeshwa dukani, jambo ambalo asiye na kipato hunyimwa. Wanaolea wajukuu hununua madaftari na sare; wengine hununua kuku au mbuzi ili pesa izae. Heshima nayo hurudi: bibi anayechangia harambee au matanga husikilizwa nyumbani kwake.

Hata hivyo, malipo haya hupunguza makali ya umaskini bila kuuondoa. Julai 2022, kabla ya ruzuku ya serikali, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilifika Sh205. Posho ya mwezi mzima ilinunua pakiti tisa tu. Wakati huo ukame ulikuwa umekausha mashamba ya nyanda za chini, na wazee wengi hugawana posho hiyo na watoto wasio na kazi.

Kasoro

Ucheleweshaji ndio kilio kikuu: miezi hupita bila malipo, madeni ya dukani yakaongezeka, kisha malimbikizo yakaja kwa mkupuo. Waliotimiza miaka 70 baada ya usajili wa 2017, uliotangulia malipo ya 2018, walisubiri kwa miaka. Alama za vidole vilivyosuguliwa na jembe mara nyingine hukataliwa na mashine ya malipo, na anayeshuka kutoka vijiji vya mlimani hadi kwa wakala wa benki hutumia sehemu ya posho kwa nauli. Asiyejiweza huteua mtunzaji wa kumchukulia. Uaminifu wa mtunzaji huyo ndio huamua iwapo mzee atakula.

Kwingineko

Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wote wenye miaka 70 Aprili 2016, kwa fedha zake yenyewe.

Hali ya sasa

Kufikia 2024 kiwango kilikuwa bado Sh2,000, kama kilivyokuwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Kukiongeza kulingana na bei za vyakula na kulipa kwa tarehe maalumu ndiyo marekebisho ambayo wazee wa kaunti wangeyahisi mapema zaidi.