Mizani ya Pamba na Msimbo wa Kikoa: Nani Anashika Jina Lako?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Mwanza na Ukerewe walikuwa na lalamiko moja kubwa: mnunuzi ndiye aliyepima mzigo, ndiye aliyesoma uzito, na ndiye aliyelipa. Moja ya hatua za mwanzo za viongozi wao, akiwamo Paul Bomani, ilikuwa kuweka wapimaji wa upande wa mkulima. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa, mwaka 1955, shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kama VFCU. Hoja haikuwa kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Hoja ilikuwa kwamba mwenye mali hawezi kuachwa ategemee uaminifu wa mtu wa kati peke yake.

Hoja hiyo imerejea katika mali ya aina nyingine, nayo ni jina la kikoa, yaani anwani ya taasisi kwenye intaneti. Anayelidhibiti jina hudhibiti pia tovuti na barua pepe zote zinazopita chini yake.

Hapo awali ulinzi wa majina haya ulikuwa dhaifu mno. Oktoba 1995, nchini Marekani, barua moja ya kughushi ilitosha kuifanya kampuni ya Network Solutions kumwandikisha mtu mwingine jina la sex.com, bila mmiliki wake, Gary Kremen, kuulizwa. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa iliamua kwamba jina la kikoa ni mali, na kwamba msajili anaweza kuwajibishwa kwa kulitoa ovyo. Januari 2005, panix.com, jina la mtoa huduma wa intaneti wa New York, lilihamishwa kwa msajili wa Australia bila ridhaa ya mwenyewe. Wateja wake walikosa barua pepe zao mwishoni mwa juma zima.

Dawa iliyoenea ni msimbo wa idhini, uliowekwa katika itifaki ya EPP iliyochapishwa mwaka 2004. Mmiliki anayetaka kuhama huomba msimbo kwa msajili wake wa sasa na kumkabidhi msajili mpya. Msajili mpya huuwasilisha kwa rajisi, nayo huulinganisha na ule iliouhifadhi. Ukilingana, jina huhama, usipolingana, halihami. Hata hivyo, misimbo mingi iliachwa miaka mingi bila kubadilishwa. Mwongozo wa kiufundi wa mwaka 2021, RFC 9154, unashauri msimbo uwe mrefu, utengenezwe pale tu unapohitajika, udumu muda mfupi, na ufutwe uhamisho ukishakamilika.

Kikoa chetu cha .tz kilianza mwaka 1995. Mwaka 2006 TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda tzNIC ili kukisimamia, na baadaye jukumu hilo likahamia TCRA yenyewe. tzNIC ilichagua FRED, programu huria iliyotengenezwa Ucheki, ambayo hutenganisha rajisi na wasajili na kuhamisha majina kwa msimbo. Kwa hiyo mizani ipo. Swali ni nani anayeishika.

Katika mji kama Mwanza, shule, asasi au kiwanda cha samaki humwachia fundi wa tovuti kila kitu. Fundi akisajili jina kwa jina lake na kwa barua pepe yake, kisheria na kiufundi yeye ndiye mwenyewe, na msimbo hutumwa kwake. Siku wakigombana, au akihamia mji mwingine, msimbo hauilindi taasisi hata kidogo. Utamlinda fundi dhidi ya taasisi.

Hapa ndipo somo la ushirika linapohitajika. Jina lisajiliwe kwa jina la taasisi. Barua pepe ya mawasiliano iwe ya ofisi, na isiwe chini ya kikoa hichohicho, maana kikipotea nayo hupotea. Nywila ya akaunti ya msajili ikabidhiwe kwa maandishi afisa anapobadilishwa, kama yanavyokabidhiwa mafaili na funguo za ghala. Na msimbo usitumwe katika kundi la WhatsApp.

Watumishi wa halmashauri na viongozi wa asasi wanaweza kuanza wiki hii kwa kuuliza jambo moja: katika kumbukumbu za rajisi, jina letu limeandikwa kwa nani?