Nafasi Nane za Apple II

Mwaka 1977 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta ya Apple II. Steve Jobs alitaka iwe na nafasi mbili tu za kuchomeka kadi; mwenzake aliyeibuni, Steve Wozniak, alishikilia nane, na zikawa nane. Mnunuzi aliinua kifuniko bila bisibisi, akaongeza kumbukumbu kutoka kilobaiti 4 hadi 48, na kuanzia 1978 akachomeka kadi ya diski.

Mwaka 1984 ikaja Macintosh, isiyo na nafasi hata moja. Mwaka 1987 Macintosh II ikarudishiwa sita.

Vijana mliopo shuleni, mashine inayofunguka huchelewa kuzeeka, na humfunza mwenyewe. Kabla ya kununua, ulizeni: je, hii inafunguka?