Dhahabu ya Johnny

Johnny, kijana wa miaka 16, amelala hospitalini, mgongo umevunjika, pumzi zinamwishia. Aliumia akiokoa watoto ndani ya kanisa lililokuwa likiungua. Anamwita Ponyboy, rafiki yake wa miaka 14, na kumsihi asiipoteze dhahabu yake. Kisha anakata roho.

Hapo ni ndani ya The Outsiders, riwaya iliyotoka Marekani mwaka 1967. Mwandishi wake, S. E. Hinton, alikuwa msichana wa Tulsa, Oklahoma. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, hasira zikimpanda baada ya rafiki yake kupigwa njiani akitoka shule. Kitabu kilipochapishwa alikuwa na miaka 18. Jina lake, Susan, likafichwa nyuma ya herufi, maana ilihofiwa kwamba wahakiki wangemdharau msichana anayesimulia magenge ya wavulana.

Dhahabu yenyewe ilianzia kwa Robert Frost. Mwaka 1923, umri ukikaribia miaka 50, mshairi huyo alichapisha shairi la ubeti mmoja, mistari minane, kuhusu rangi ya kwanza ya jani linalochipua na jinsi isivyokaa. Katika riwaya, Johnny na Ponyboy wamejificha kwenye kanisa lililotelekezwa, kwa kuwa Johnny amemuua kwa kisu kijana wa kitajiri ambaye genge lake lilikuwa likimzamisha Ponyboy. Alfajiri moja wanakaa nje kutazama ukungu ukishika rangi ya jua. Ponyboy analighani shairi hilo. Hajui maana yake; amelihifadhi tu.

Johnny ndiye aliyelitafakari, na hapa Hinton ananigusa kuliko popote. Kwao Johnny baba anapiga, mama hamjali. Utoto hakuuonja, lakini anaijua thamani yake kwa mwenzake. Frost, mtu mzima, alisema dhahabu haikai. Mtoto wa mtaani hakukubali yaishie hapo: kwake, anayeendelea kuona jua likichwa kana kwamba analiona mara ya kwanza bado anayo.

Vijana waliyashika maneno hayo. Mwaka 1980 mkutubi wa shule moja huko Fresno, California, pamoja na wanafunzi, walimwandikia Francis Ford Coppola wakimwomba aigeuze riwaya kuwa filamu. Ilitoka mwaka 1983, na Stevie Wonder akaimba wimbo uliobeba maneno yale yale ya Johnny. Mwaka 2024 tamthilia ya muziki iliyotokana na kitabu hicho ilishinda Tuzo ya Tony.

Johnny aliacha barua, imekunjwa ndani ya nakala ya Gone with the Wind waliyokuwa wakiisoma mafichoni. Ponyboy anaikuta baadaye. Anaisoma, kisha anampigia simu mwalimu wake wa Kiingereza kuuliza kama insha aliyopewa inaruhusiwa kuwa ndefu.