Silaha za mafundi raia: Viwanda vya Uingereza na karakana za siri za Mau Mau

KATIKA vibanda vya jua kali vya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, vyuma hukatwa na kuunganishwa kila siku kuwa milango, madirisha na majiko. Kazi hiyo ni ya amani. Hata hivyo, historia yaonyesha kuwa vita vinapozuka, uundaji wa silaha haubaki mikononi mwa majeshi pekee, bali huwafikia pia raia wenye nyundo, tupa na jiliwa.

Kenya ilizijua sura mbili za jambo hilo. Ya kwanza ni ya raia waliounda silaha kwa agizo la serikali. Ya pili ni ya wale waliofanya hivyo kwa siri, wakijua kuwa wakikamatwa wangenyongwa.

Silaha za kiwandani

Kibera ilianza kama makazi ya wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles (KAR). Walianza kukaa huko mwaka 1904, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. KAR ilitegemea silaha za Uingereza, hususan bunduki aina ya Lee-Enfield.

Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945, viwanda vya silaha vya Uingereza havikuweza kukidhi mahitaji peke yake. Serikali iliyapa kazi makampuni ya kiraia. Kiwanda cha Singer huko Clydebank, Scotland, kilichosifika kwa cherehani, kiliunda singe za Lee-Enfield Namba 4, zikiwemo zipatazo 75,000 za toleo la kwanza. Singe hizo zilifanana na msumari mrefu kwa sababu umbo hilo lilihitaji chuma kidogo na muda mfupi. Kampuni ya Lines Brothers, iliyounda vitu vya kuchezea watoto, iligeukia bunduki za Sten.

Siri ya mpango huo ilikuwa vipimo. Kila kipande kilikaguliwa ili kilichoundwa katika mji mmoja kiingie barabara katika bunduki iliyounganishwa katika mji mwingine. Majina ya viwanda yalifichwa kwa alama ili adui asijue pa kushambulia. Singer, kwa mfano, ilitambulishwa kwa alama N67, herufi N ikimaanisha eneo la kaskazini.

Silaha za kujiundia

Hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache mno. Nyingine waliziiba au kuzinyakua kwa askari, lakini hazikutosha. Ndipo mafundi wa chuma na maseremala walipoanza kuunda bunduki, mijini na msituni.

Mtutu ulikuwa bomba la maji na kitako kilichongwa kwa mti. Komeo la mlango ndilo lililogonga risasi, likivutwa kwa vipande vya tyubu za magurudumu. Bunduki nyingi zilifyatua risasi moja tu kabla ya kujazwa upya. Kwa kuwa bomba la maji halikuundwa kuhimili nguvu ya baruti, mtutu uliweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji mwenyewe. Wala hapakuwa na kipimo kimoja, kwani kila bunduki ilikuwa ya pekee.

Baadhi ya wapiganaji walizijua vyema bunduki za kiwandani. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma akiwa katika KAR.

Nairobi ilikuwa ghala muhimu la msitu. Kawangware wakati huo ilikuwa upande wa hifadhi ya Wakikuyu ya Kiambu, karibu na mpaka wa mji, na watu walipita huku na huko kutafuta kazi. Ili kukata njia za silaha, risasi, fedha na dawa, serikali ilianza Operesheni Anvil tarehe 24 Aprili 1954. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizuiliwa.

Sheria ilikuwa kali. Kumiliki silaha au risasi bila kibali kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, wengi wao bila kuhukumiwa kwa mauaji. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alitiwa hatiani kwa kumiliki bastola na risasi.

Kazi isiyo na jina

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Singe yenye alama N67 yaweza kufuatiliwa hadi kiwanda kilichoiunda. Fundi wa Mau Mau hakuthubutu kuweka alama, kwani ingekuwa ushahidi wa kumhukumu. Baadhi ya bunduki hizo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Vita la Imperial, London, lakini wengi wa waliozichonga hawajulikani.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na tarehe 18 Februari 2007 sanamu ya Kimathi, ikiwa na bunduki mkononi, ikazinduliwa katikati ya Nairobi. Wapiganaji wamepata kumbukumbu yao. Mafundi waliowapa silaha bado wanasubiri yao.