Kahawa ya Nyeri: Asili Huamua Bei Mnadani

Katika mnada wa kahawa jijini Nairobi, ulioanza miaka ya 1930, bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa gunia la kilo 50. Wanunuzi huonja sampuli kabla ya siku ya mnada. Gredi za AA, AB na PB huwaeleza ukubwa na umbo la punje tu, si zilikotoka.

Asili hubebwa na namba ya shehena. Humo mna wiki kahawa ilipofika kinuni, kinu chenyewe na mpangilio wa mzigo. Kwayo mnunuzi huweza kurudi hadi kiwanda kilichoiosha, kama vile Gichathaini cha ushirika wa Gikanda au Karindundu cha Barichu, eneo la Karatina. Wanunuzi wa mvinyo wa Ufaransa nao hupenda zaidi chupa ambayo haijatoka ghala la shamba lake.

Kahawa ikichanganywa kinuni, au ya wizi ikipenyezwa, jina hilo hupotea, na hasara humwangukia mkulima aliyechuma matunda mekundu pekee. Tangu 2006 ushirika unaruhusiwa pia kuuza moja kwa moja ng'ambo, nje ya mnada.