Homa ya Papasi katika Njia ya Nyangwe

Mtu akitaja Nyangwe, mara moja twakumbuka soko. Twakumbuka wanawake wa ng'ambo zote mbili za Lualaba waliokuja na samaki, mafuta na vyungu vyao, na mauaji ya tarehe 15 Julai 1871, ambayo Dr. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Habari hizo zimeandikwa mara nyingi, nami sitazirudia. Leo nataka kueleza habari ya mdudu mdogo wa njia za misafara, na ya mganga kijana aliyekufa Kasongo akimchunguza.

Mdudu huyo ni papasi; wengine humwita kimputu. Hafanani na kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi siku nyingi. Papasi hukaa katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Mchana amejificha. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi katika ufa wake. Asubuhi humwoni. Tena ana uvumilivu wa ajabu: aweza kukaa miaka bila chakula, akingoja nyumba iliyohamwa ipate watu tena. Kwa miguu yake hafiki mbali; watu ndio wanaomchukua, katika mikeka, vikapu na matandiko. Basi fikiri mwenyewe wapagazi wangapi walilala Nyangwe, Kasongo na Kabambare katika miaka ya pembe na watumwa, na baadaye katika vibanda vya wasafiri vya Serikali ya Leopold, leo msafara huu, kesho mwingine, katika vumbi lilelile.

Livingstone alikuwa mganga, naye alimjua papasi. Katika kitabu chake cha 1857 aliandika juu ya maumivu ya kuumwa naye. Alipofika kwetu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1870 alikaa Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, siku 80 hivi akiuguza vidonda vya miguu. Dawa iliyomfaa ilikuwa jiwe la kijani la shaba, lililosuguliwa kwa maji, akapaka kwa unyoya. Katika Manyema aliandika pia juu ya watu huru waliotekwa na kufungwa, wakafa bila ugonjwa anaoujua, wakisema tu kwamba moyo unauma. Sijui mganga mwingine wa zamani zile aliyeandika neno zito kuliko hilo. Lakini kwamba papasi hupitisha ugonjwa kutoka damu ya mtu huyu mpaka damu ya mtu yule, Livingstone hakuweza kulithibitisha. Hadubini ilikuwa bado kufanya kazi hiyo Afrika.

Mwaka 1903 Shule ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Liverpool ilituma waganga watatu Kongo: Joseph Everett Dutton, John Lancelot Todd na Cuthbert Christy. Hawakuja kwa ajili ya papasi. Walikuja kuchunguza malale, ambayo wakati ule ilikuwa ikiua watu wengi sana kando ya mito. Dutton alifaa kwa kazi hiyo, maana ni yeye aliyetambua katika Gambia, mwaka 1901, kijidudu cha malale katika damu ya mtu. Christy alirudi kwao mapema. Wawili waliobaki wakapanda mto mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kisha wakafuata Lualaba kuja upande wetu.

Njiani walikuta homa nyingine. Mgonjwa hushikwa ghafula na homa kali, kichwa na viungo vyamwuma, hutapika. Baada ya siku chache homa yaondoka, naye hufikiri amepona. Kumbe baada ya juma moja hivi yarudi, na kurudi tena. Watu wa nchi walikwisha kusema kwamba yatoka kwa papasi. Wazungu wengi waliyacheka maneno hayo. Dutton na Todd hawakucheka. Walikusanya papasi katika nyumba za watu, wakawaacha wanyonye damu ya nyani. Baada ya siku kadhaa damu ya nyani ilionekana, chini ya hadubini, ina vijidudu vyembamba vilivyojizungusha kama uzi. Kisha walijaribu kwa papasi wachanga, waliotoka katika mayai na hawajamwuma mtu yeyote. Hao pia walipitisha ugonjwa! Maana yake, mama huwarithisha wanawe, na nyumba yenye papasi yaweza kubaki na homa hata kama hakuna mgonjwa mpya aliyeingia.

Haki itolewe: huko Uganda waganga Ross na Milne walitangaza jambo la papasi kabla yao, mwishoni mwa 1904. Lakini majaribio ya nyani na ya mayai yalifanywa katika Kongo ya mashariki.

Waganga wote wawili waliambukizwa homa waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, mtu wa miaka thelathini hivi. Todd alirudi na maandishi, na taarifa ikachapwa mwaka uleule kwa majina yao wote wawili. Mwaka 1906, huko Marekani, Novy na Knapp walikipa kijidudu kile jina la Dutton, na hata leo chaitwa Borrelia duttonii.

Je, habari hizi zimekwisha? Hapana. Katika Mvumi, karibu na Dodoma nchini Tanzania, waganga wameuchunguza ugonjwa huu kwa bidii tangu miaka ya 1990. Waliona wanawake wenye mimba wakiharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati kwa sababu yake. Mwaka 1998 walionyesha kwamba kupuliza dawa ndani ya nyumba hupunguza homa hii kwa watoto wadogo, na 2003 kijidudu kilipatikana hata katika damu ya watoto wasio na homa. Na kuna hatari mpya. Zamani mpimaji alitazama tone la damu katika hadubini akitafuta malaria, na aliweza kuviona vijidudu hivi pia. Kipimo cha haraka cha malaria hakivioni. Mtu mwenye homa inayorudi, ambaye kipimo chasema hana malaria, na alale katika nyumba ya sakafu ya udongo au hakulala, aombe damu yake itazamwe kwa hadubini, hasa akiwa na homa wakati huo.

Dawa ipo: tetrasiklini, au penisilini, kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, mganga huweza kuchagua eritromisini. Lakini jamaa wajue jambo moja. Saa chache baada ya kipimo cha kwanza cha dawa, vijidudu vikifa kwa wingi, mgonjwa aweza kutetemeka na homa kupanda kuliko kwanza. Jamaa wakiona hivyo husema dawa inamwua, wakamchukua nyumbani usiku. Wasimchukue. Siku ile ya kwanza mgonjwa abaki hospitalini, chini ya macho ya mwuguzi, mpaka tetemeko lile lipite.