Kabla ya Boney M

Kuna wimbo wa Krismasi ambao huku kwetu tumewakabidhi Boney M bila kuulizana. Desemba ikishapamba moto, uwe umesimama kwenye foleni ya dukani au umebanwa kwenye basi la kwenda Moshi, sauti inayotoka kwenye spika ni ya Liz Mitchell, na hata abiria asiyejua Kiingereza anaitikia kiitikio bila kukosea. Muulize wimbo huo ni wa nani. Atakujibu Boney M, na atashangaa kwamba umeuliza.

Wakusanyaji wa santuri hawaridhiki na jibu hilo. Wao santuri huisoma kwanza, kuipiga baadaye. Kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati, chini ya jina la wimbo, kuna mabano yenye maandishi madogo kiasi kwamba wenye miwani huivaa, na humo ndimo jina la mtunzi linamokaa. Kwenye “Mary’s Boy Child – Oh My Lord”, iliyotolewa na Boney M mwishoni mwa 1978, mojawapo ya majina hayo ni Hairston. Huyo hakuwa mwanachama wa Boney M wala Mjerumani, na disko halikuwa fani yake. Mwaka ule alikuwa mzee wa miaka 77. Anayeamua kumfuata nyuma, santuri kwa santuri, anaukuta wimbo umebadilika kila hatua, mpaka anafika mahali ambapo santuri zenyewe zinakwisha.

Tuanze na hao Boney M, maana nao wana yao. Kundi liliundwa Ujerumani Magharibi na mtayarishaji Frank Farian, na 1978 ulikuwa mwaka wao. “Rivers of Babylon”, ambao nao ni wimbo wa watu, wa kundi la Jamaika liitwalo The Melodians, uliwapeleka kileleni mwa chati za Uingereza. Ukafuata “Rasputin”, kisha huu wa Krismasi. Waimbaji hasa walikuwa Liz Mitchell na Marcia Barrett, wazaliwa wa Jamaika. Maizie Williams wa Montserrat na Bobby Farrell wa Aruba walikuwa wa jukwaani. Ile sauti nzito ya kiume tuliyoizoea ikitoka mdomoni mwa Farrell, huku amerusha miguu hewani, ilikuwa ya Farian mwenyewe, aliyeimba studio na kumwachia mwenzake kamera.

Farian hakuurudia wimbo kama alivyoukuta. Aliutia mapigo ya disko yasiyo na haraka, akapanga sauti za kwaya nyuma ya Mitchell, na akaunga kipande kipya kabisa, “Oh My Lord”, alichokitunga na Fred Jay. Ndicho kile kipande ambacho watu huanza kupiga makofi. Kuunga kipande kuna faida nyingine isiyosikika spikani: kipande kikiwa na mtunzi wake, mtunzi huyo ana fungu lake la mrabaha. Simlaumu, alikuwa anaijua biashara yake. Wimbo ukakaa namba moja Uingereza wiki nne, Krismasi yenyewe ikiwa humo, na katika nchi hiyo peke yake ukauza zaidi ya nakala milioni 1.8. Mwaka 1981 ukaingia katika Christmas Album ya kundi hilo, na albamu hiyo ndiyo iliyozaa kanda zetu.

Nasema iliyozaa kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuishika kanda halisi. Ulikuwa unapeleka kanda tupu kwa fundi wa kurekodi, Kariakoo au River Road, na karatasi uliyoandika nyimbo unazozitaka. Unaacha hela, unarudi kesho. Fundi naye alikuwa amenakili kutoka kwenye kanda iliyonakiliwa na mwingine. Kila kizazi cha nakala kilipunguza kidogo sauti za juu na kuongeza mvumo, hivyo kuna watu waliokua wakiamini kwamba Boney M wanaimba mvua ikinyesha. Mkanda ukijisokota, kalamu ya risasi inaingizwa kwenye tundu na mkanda unazungushwa pole pole. Jina la mwanamuziki liliandikwa kwa mkono ubavuni. Jina la mtunzi halikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyelijua, na nafasi yenyewe haikutosha.

Kanda nyingi za namna hiyo zilikuwa na Boney M upande wa kwanza na Jim Reeves upande wa pili. Hapo ndipo wengi walipoanza kuwa wakusanyaji bila kukusudia, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na wimbo ule ule. Reeves, Mmarekani wa muziki wa kantri ambaye Afrika Mashariki ilimpenda kana kwamba amezaliwa Nyeri, aliurekodi kwenye albamu yake Twelve Songs of Christmas ya 1963. Hana disko wala makofi. Ameusogelea mkrofoni kwa sauti ya chini na kuusimulia wimbo kama mtu anayeongea na aliye naye chumba kimoja. Vijana wa miaka ya themanini walikuwa wakibishana kwamba Reeves amewaiga Boney M. Reeves alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, miaka 14 kabla Farian hajaugusa wimbo huo.

Kwenye orodha ya Reeves jina limeongezwa neno: “Mary’s Little Boy Child”. Anayetafuta matoleo ya wimbo huu ajue hilo mapema, kwa sababu akishikilia jina la Boney M peke yake atampita Reeves, na atampita Andy Williams, aliyeuimba kwenye albamu yake ya Krismasi ya 1965. Mahalia Jackson, malkia wa injili, naye ameuimba. Ukiwa na muda wa kusikiliza matoleo mawili tu, chagua la Mahalia na la Reeves, moja baada ya jingine. Reeves anafuata noti zilivyoandikwa. Mahalia anaivuta silabi moja mpaka unasahau neno lilianzia wapi, kisha anairudisha mahali pake kwa wakati.

Lakini Reeves na Williams na Boney M wote wanapita kwa mtu mmoja. Harry Belafonte alizaliwa New York mwaka 1927, wazazi wake wakitoka visiwa vya Karibi, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika. Mwaka 1956 albamu yake Calypso ilikaa namba moja Marekani wiki 31, na ghafla kila kampuni ya santuri ikataka kalipso. Mwaka huo huo Belafonte alisikia kwaya ikiimba wimbo mpya wa Krismasi wenye mwendo wa kalipso, akaomba ruhusa ya kuurekodi. Toleo lake ni la taratibu. Gitaa linasikika waziwazi, waitikiaji wako mbali, na yeye anasimulia kuzaliwa kwa mtoto Bethlehemu kana kwamba habari imefika leo asubuhi. Novemba 1957 ukashika namba moja Uingereza na kukaa hapo wiki saba, ukawa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa kuuza zaidi ya nakala milioni moja nchini humo. Boney M walipokuja kuurudisha kileleni Krismasi ya 1978, ulikuwa wimbo wa kwanza kuwa namba moja Uingereza siku ya Krismasi kwa waimbaji wawili tofauti.

Belafonte si mgeni kwetu. Ndiye ambaye mwaka 1959, pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, alitia sahihi barua ya kuchangisha fedha za ndege iliyowapeleka Marekani wanafunzi wa Kenya waliokusanywa na Tom Mboya. Lakini hata yeye, kwenye wimbo huu, alikuwa mwimbaji tu. Kwaya aliyoisikia ilikuwa ya Walter Schumann wa Hollywood, na Schumann ndiye aliyekuwa amemwomba Jester Hairston amtungie kitu kipya cha Krismasi.

Hairston alizaliwa Belews Creek, North Carolina, mwaka 1901. Babu na bibi yake walikuwa watumwa, na jina la ukoo ni la wenye shamba waliowamiliki. Alisoma muziki Chuo Kikuu cha Tufts, akahitimu 1929, akawa msaidizi wa Hall Johnson, kiongozi wa kwaya iliyozipeleka nyimbo za watumwa kwenye majukwaa makubwa ya Marekani. Mwaka 1936 kwaya hiyo ilikwenda Hollywood kwa ajili ya filamu The Green Pastures, na Hairston hakuondoka tena. Alipanga kwaya za filamu na akaigiza sehemu ndogo ndogo ambazo mtu mweusi alipewa enzi hizo.

Kuna siku, kabla ya Schumann, rafiki aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja alimwomba wimbo wa karamu ya siku ya kuzaliwa. Wageni wengi wangekuwa watu wa Karibi, kwa hiyo Hairston akautunga kwa mwendo wa kalipso na kuuita “He Pone and Chocolate Tea”. Pone ni mkate wa unga wa mahindi. Basi huo ndio mwanzo wa wimbo tunaousikia kila Desemba: mkate wa mahindi, kinywaji cha chokoleti, na mtu fulani anayetimiza mwaka. Schumann alipokuja na ombi lake, Hairston aliukumbuka ule mwendo, akaacha mkate na kuandika maneno mapya juu ya kuzaliwa kwa mtu mwingine. Wimbo wa karamu haukuwahi kurekodiwa. Mtu anayepanga matoleo yake kwa mwaka, hata awe na fedha kiasi gani, la kwanza hawezi kulinunua.

Na kwa nini matoleo ni mengi hivyo baada ya hapo? Sifa ya wimbo ni sehemu ya jibu; sehemu nyingine ni sheria. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 ilisema kwamba mtunzi akisharuhusu wimbo wake kurekodiwa mara ya kwanza, mwingine yeyote anaweza kuurekodi bila kumbembeleza, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho hakikuguswa mpaka 1978, kilipopanda hadi senti 2.75. Nakala 100,000 zilileta dola 2,000, nazo kwa kawaida ziligawanywa na mchapishaji. Si utajiri. Lakini wimbo wa Krismasi una bahati ya kufufuka kila mwaka, na kwa kuwa jina lilikuwa kwenye mabano tangu santuri ya Belafonte, kila aliyeurudia alilazimika kulibeba.

Hairston mwenyewe alikuwa na uzoefu wa kusikika bila kuonekana. Katika filamu Lilies of the Field ya 1963, Sidney Poitier anawafundisha watawa wimbo “Amen”. Poitier hakuwa mwimbaji. Mpangilio wa wimbo ni wa Hairston, na sauti inayotoka wakati midomo ya Poitier inacheza ni ya Hairston vilevile. Poitier akapata Oskari, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata kama mwigizaji mkuu. Miaka 15 baadaye Farian na Farrell wakafanya mchezo huo huo juu ya wimbo wa mtu huyo huyo. Umaarufu wa uso ulimfikia Hairston uzeeni, alipoigiza mzee Rolly Forbes katika kipindi cha televisheni kilichoitwa nacho Amen, kuanzia 1986. Alifariki Los Angeles, Januari 2000.

Mkusanyaji wa Afrika Mashariki akiziweka santuri hizi mezani ataona jambo ambalo mwenzake wa London anaweza kulipita. Belafonte na Boney M wamekutana kwenye wimbo mwingine pia, nao ni “Malaika”. Belafonte aliuimba na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya 1965, na Boney M waliutoa 1981, mwaka ule ule wa albamu yao ya Krismasi. Njia ni ile ile: wimbo unatoka kwa wenyewe, unapita kwa Belafonte, unafika kwa Farian, unarudi kwetu kwenye kanda. Tofauti iko kwenye mabano. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kujulikana kuwa ndiye mwenyewe. Adam Salim akasema yeye ndiye aliyeutunga, tena muda mrefu kabla. Na wengine wakajitokeza na madai yao. Wakati ubishi unaendelea hapa, waimbaji wa mabara yote walikuwa wakiurekodi na mrabaha ukitafuta pa kwenda. Fadhili William alifariki 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Hata leo, anayekusanya matoleo ya “Malaika” anapoandika safu ya mtunzi hujaza jina moja na kuweka alama ya kuuliza pembeni.